Wimbi lililokuwa nyuma ya nyumba ya mama

Asubuhi hii bahari imetulia kama imemwagiwa mafuta, isipokuwa sehemu moja. Hapo, si mbali na boti kubwa ilipotia nanga, maji yanainuka ghafla, yanasimama kama ukuta, kisha yanajikunja na kuporomoka juu ya mwamba kwa kishindo kinachotikisa vikombe jikoni mwa boti.

Pembeni, kwenye mkondo wa kina ambako wimbi halifiki, mwanamke mmoja amekaa kwenye ukingo wa boti ndogo ya mpira. Yuko peku. Kofia ameifunga chini ya kidevu kwa kamba ya kiatu. Mkono wake wa kulia uko kwenye mpini wa injini, na injini inanguruma polepole. Haizimi hata kwa dakika moja.

Wageni sita wako majini, wamelala kifudifudi juu ya mbao zao. Wamebadilisha ndege mara kadhaa, kisha wakalala baharini, ili wafike mahali ambapo hakuna mtu wa kugombania naye wimbi. Mmoja anapiga maji kwa mikono, anasimama juu ya ubao, anateleza vizuri, halafu anamezwa. Ubao wake unarushwa juu.

Mwanamke anainuka nusu. Macho yake hayatoki kwenye povu. Kichwa kinachomoza, kisha mkono unagusa utosi, ishara kwamba ni mzima. Anakaa tena.

“Wao wanatazama wimbi,” anasema. “Mimi nawatazama wao. Ndiyo kazi yenyewe.”

Kwenye boti wanamwita Gia. Ana miaka thelathini na minane na mabinti wawili. Katika boti zote zinazozungusha wageni wa mawimbi kwenye visiwa hivi vya mbali, anasema hajawahi kukutana na mwanamke mwingine anayeshika injini.

Hakuanzia hapo. Alianzia jikoni, akikatia wageni mboga huku sakafu ikipanda na kushuka. Siku moja dereva wa boti ndogo alishikwa na homa kali katikati ya safari, na wageni tayari walikuwa majini. Nahodha, ambaye ndiye mwenye boti, akabaki kuzunguka sitahani akitafuta nani ashuke. Gia alifunga gesi, akaacha vitunguu kwenye ubao wa kukatia, akashuka ngazi. Tangu utotoni alikuwa akiendesha boti ya babake kupeleka kuni na mafuta ya taa kisiwa hadi kisiwa. Nahodha anakiri kwamba siku hiyo chakula kilichelewa sana, lakini hakuna aliyelalamika.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili karibu na bandari. Chumba cha mbele ni cha kazi: cherehani, meza ya kukatia, na marundo ya turubai. Mumewe ni fundi. Zamani alishona sare za shule tu. Sasa anashona pia mifuko ya mbao za mawimbi, na wageni wengine huagiza kabla hawajafika. Yeye ndiye anayewasuka mabinti nywele mama akiwa baharini. Jirani mmoja alipomtania kwamba amekaliwa na mkewe, alimjibu kwamba ni kweli, ila ni siku chache kwa mwezi, maana zilizobaki mke yuko kazini.

Mambo yalianza kuwa magumu miaka miwili iliyopita. Msimu huo upepo ulivuma vibaya, na mawimbi yaliyozoeleka yakavurugika. Machache yaliyobaki mazuri yalikimbiliwa na boti zote. Wageni waliolipia bahari tupu walijikuta kwenye foleni, wakigombana majini kama watu kwenye bomba la maji. Kundi moja lilidai lirudishiwe pesa. Nahodha akaanza kuzungumzia kuuza boti.

Alasiri moja alikuja kuketi karibu na Gia, nyuma ya boti. Akamuuliza kama ni kweli kwamba kisiwa cha kwao kimefungukia bahari kuu upande wa nyuma.

“Nilijua anachotaka kabla hajamaliza kuuliza,” Gia anasema. “Lile wimbi nimelala nikilisikia tangu nazaliwa. Liko nyuma ya nyumba ya mama.”

Hakumkubalia siku hiyo. Alimwambia kwamba itabidi kwanza awaulize wenyewe. Nahodha akataka kujua bahari ina mwenyewe gani. Gia akamwambia kuna wanawake wanaoshinda pale.

Maji yakitoka, mwamba ule hubaki wazi kama uwanja. Wanawake wa kisiwa hutembea juu yake wakitafuta pweza na kombe. Mama yake Gia, aliyevuka miaka sabini, ni mmoja wao. Huenda na nondo mkononi na viatu vya mpira wa miguu alivyorithi kwa mwanawe wa kiume, njumu zote zikiwepo, na huwacheka wanaoteleza kwa kuvaa kandambili.

Gia aliomba likizo fupi akaenda. Walikutana uani kwa mama, wakatandika mikeka. Mjadala ulikuwa mrefu. Wengine waliona ni neema: vijana wangeuza matunda na samaki. Wengine waliogopa. Mama mdogo wake aliuliza kama hao wageni watakuja wamevaa nguo, swali lililoharibu kikao kwa kicheko kwa muda mrefu. Shangazi yake alipinga kabisa, akasema kitu ambacho hakijulikani hakiibwi.

Mama yake Gia aliuliza jambo moja tu: boti itakiweka wapi chuma chake, yaani nanga.

Mwishowe walikubali, kwa masharti. Nanga itiwe kwenye mchanga, karibu na mlango wa mwamba, yaani upenyo wa kupitia boti, isiguse matumbawe. Mgeni asiingie majini wakati wanawake wako mwambani. Kila safari iache kitu kwenye mfuko wa kikundi. Na picha zisionyeshe nchi kavu. Kikao kilipokwisha, mama alimshika mwanawe mkono.

“Likiharibika nitakuuliza wewe,” alimwambia. “Hao wageni sijui hata wanakokaa.”

Safari ya kwanza ilikuwa ya kukumbukwa. Wimbi lilikuwa refu na safi, na hapakuwa na boti nyingine hadi upeo wa macho. Maji yalipojaa, wanawake walikaa juu ya mawe wakitazama. Mgeni akiteleza vizuri walinyamaza, akianguka walishangilia. Mama yake Gia alimpenda mzee mmoja mwenye upara aliyeanguka kuliko wote, akampa jina la Gunia. Yule mzee alipoelezwa maana yake alifurahi, na mwaka uliofuata alirudi akamtafuta.

Biashara ya nahodha ikasimama tena. Kwa msimu mmoja mzima, kila mtu alikuwa na sababu ya kuridhika.

Kisha picha ikatoka. Mgeni mmoja aliweka mtandaoni wimbi lile, na pembeni, kwa mbali, tangi la maji la kisiwa lilionekana. Kwa watu wanaotafuta mawimbi usiku na mchana, tangi hilo lilitosha.

Gia alikuwa visiwa vingi mbali na kwao mama mdogo wake alipompigia simu. Boti ngeni ilikuwa imekuja alfajiri na kutupa nanga juu ya mwamba wenyewe. Gia aliomba kuzungumza na mama yake. Akaambiwa mama hataki simu.

Alifika kesho yake, maji yakiwa yametoka. Nanga ilikuwa imeng'olewa, lakini alama yake ilibaki. Boti ilipogeuzwa na mkondo, mnyororo ulikuwa umefagia nusu duara pana juu ya matumbawe, na kila ulipopita palikuwa peupe, pamevunjikavunjika kama vyungu.

Mama hakumgombeza. Alimchukua mkono wakatembea duara lile lote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashimo ya pweza pale yana wenyewe. Mtu humwachia bintiye, binti humwachia wake. Mama alikuwa akisimama penye kila shimo lililofunikwa na kifusi.

“Hili lilikuwa la bibi yako,” alisema. “Hili la shangazi yako. Na hili nilikuwa nakuwekea wewe.”

Gia anaposimulia hapo hujifanya anarekebisha kamba ya kofia. Anasema alitamani mama angemtukana.

Boti ile ngeni haikuwa imeondoka; ilikuwa imehamia upande wa pili wa mlango. Gia alichukua boti ya kaka yake akaifuata peke yake. Nahodha wa boti hiyo alikuwa sitahani akinywa chai, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimwambia Gia kwamba bahari haina mlango wala kufuli. Gia hakubishana naye. Alimwomba tu ashuke, aje aone, naye angemrudisha. Wageni walikuwa wameacha kula wakisikiliza. Pengine ndiyo maana alishuka.

Alitembezwa duara lile lile, na mama yule yule. Hakusema mengi. Alisema kwamba kutoka juu, maji yakiwa yamejaa, mtu haoni kitu chini. Jioni hiyo aliondoka. Hakulipa chochote, na Gia hakumdai, maana hakujua mtu anadai nini kwa kitu cha namna ile.

Lakini sentensi yake moja ilibaki kichwani mwa Gia: kutoka juu mtu haoni. Boti nyingine zingekuja, na nazo zisingeona. Ndipo alipomwendea nahodha wake na wazo la boya: tofali kubwa la zege lizamishwe kwenye mchanga, lifungwe mnyororo, juu lielee boya ambalo boti yoyote itajifunga bila kutupa nanga.

Nahodha alitoa saruji na mnyororo. Wanawake walichanganya zege wenyewe, ufukweni. Tofali la kwanza lilikatika kamba likazama mahali ambapo halina faida kwa mtu, na mama yake Gia hulitaja kila apatapo nafasi, akiwauliza samaki wa pale wanalipaje pango. La pili lilikaa. Mumewe Gia alishona bendera nyekundu kwa turubai. Ikipandishwa kwenye mlingoti ufukweni, wanawake wako mwambani na hakuna anayeingia majini.

Manahodha wengi hutii. Si wote.

Na si kila kitu kimepona. Sehemu iliyofagiwa bado ni nyeupe. Mama sasa huenda upande wa mbali wa mwamba, mwendo ambao magoti yake hayaupendi. Shangazi hadi leo humwitikia Gia salamu akiwa ameangalia kwingine.

Aliulizwa kama anajuta kulitaja wimbi lile. Alihesabu kwanza vichwa majini, injini ikinguruma.

“Wangefika tu siku moja, hata kama mimi ningenyamaza,” alisema. “Ila wangefika bila sisi kujiandaa. Hayo ndiyo ninayojiambia. Sijui kama ni kweli au najifariji tu.”

Siku hizi, mchana wageni wanapolala, Gia hukaa jikoni na vitabu vya unahodha, akirudia alama za taa na sheria za kupishana. Mtihani ni kabla ya msimu ujao. Akipata cheti, anataka boti moja ya kisiwa, ndogo, ambayo nusu yake itakuwa ya kikundi cha wanawake. Wageni walale nchi kavu, kwenye vyumba vya watu, wapelekwe kwenye wimbi asubuhi na kurudishwa. Wawe wachache. Na anayewapeleka awe mtu atakayekutana na mama yake jioni.

Boti yenyewe hajui ataipata wapi. Nahodha amemwambia atamsaidia kutafuta ya mtumba. Kikundi kimeanza kuweka akiba, kidogo kidogo. Mumewe hakuweza kusubiri. Juma lililopita, Gia aliporudi nyumbani, alikuta turubai la bluu limetandazwa chumba kizima, limepindwa kingo, matundu ya kamba yamepigwa. Ni paa la kivuli la boti.

“Nilimuuliza, umepima boti gani?” Gia anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka hadi meno ya nyuma yanaonekana. “Akaniambia, nimepima kwa macho. Wewe kanunue itakayoenea.”