Spika ya Tatu ni ya Baba

“Mama, nilikuagiza kisanduku cha jozi mbili za spika. Kubwa na ndogo. Hii nafasi ya tatu ni ya nani?”

“Ya mume wangu.”

“Mumeo anakuja kurekodi lini?”

“Usinichekeshe, nimeshika moto.”

Ni saa tatu asubuhi. Mama Mita amepiga magoti chini ya meza ya studio, chuma cha kulehemu mkononi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Kijana mwenye studio, ambaye mtaa mzima humwita Produza, amesimama juu yake, mikono kiunoni. Wamebishana nusu saa sasa, na hakuna anayeelekea kushindwa.

Kinachogombaniwa ni kisanduku cha bati kisichozidi ukubwa wa mkate. Ndani hamna maajabu: swichi moja ya kuzungusha, nyaya na matundu ya kuchomekea. Hakihitaji umeme wake. Kinapokea sauti kutoka kwenye amplifaya na kuipeleka kwenye spika unazozitaka, basi.

Bila hicho, Produza huchomoa nyaya na kuzichomeka upya kila anapotaka kulinganisha spika. Mwezi uliopita aligusanisha mbili, amplifaya ikatoa moshi. Aliyeifufua ni Mama Mita.

“Swichi yangu inaachia spika moja kwanza ndipo inashika nyingine,” anasema bila kuinua kichwa. “Na kila spika ina nyaya zake mbili, chanya na hasi. Fundi mvivu hufunga hasi zote fundo moja. Moshi ukitoka, anasema umeme wa siku hizi mbaya.”

Ana miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na mitatu ametengeneza redio kwenye kibanda cha mlango mmoja. Jina lake limetokana na mita ya kupimia umeme isiyotoka mkobani mwake. Akienda harusini, imo. Akienda msibani, imo.

Zamani alipokea redio kumi na tano kwa wiki. Siku hizi zikifika nne anashukuru, na nusu ya wenyewe hawarudi kuzichukua. Ndizo zinazolisha nyumba tangu mumewe, aliyesimamia mashine ya kusaga nafaka kwa miaka thelathini, alipoacha kazi.

Kwenye kochi amekaa binti yake wa mwisho, karatasi ya wimbo magotini. Wimbo ni wake, wa kwanza maishani. Saa sita mchana Produza ataupeleka kituo cha redio.

Mama Mita anachomoa mkobani spika moja nyeusi, upana wa kisosi. Ni ya redio ndogo, sawa na ile iliyo kando ya kitanda cha mumewe. Anaifunga kwenye tundu la tatu.

“Inachukua sauti ya upande wa kushoto tu. Ukiziunganisha pande mbili, unaiua tena amplifaya. Na nimeiwekea kizuizi isichanike. Haya, piga wimbo.”

Namba moja: ngoma inatikisa kioo cha dirisha. Namba mbili: kila kitu kiko mahali pake. Produza anatabasamu.

Namba tatu: ngoma inatoweka, kinanda kinajaa chumba, na sauti ya binti inabaki kama ya mtu anayeongea amejifunika shuka gubigubi.

“Hiyo spika mbovu,” anasema Produza.

“Mbovu ndiyo wanayosikilizia watu wako, mwanangu. Wewe utaenda na hayo makabati yako nyumba kwa nyumba?”

“Lakini mama,” binti anaingilia, “baba alisikia. Juzi nilimwekea kwenye redio yake kwa flashi. Alisema nimeimba vizuri sana.”

Mama Mita anazima chuma. Anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni, polepole, ingawa haina vumbi. Alimwahidi mumewe kwamba hatasema.

“Ulipotoka,” anasema, “aliniuliza, ‘Ameimba nini?’”

Binti anaitazama karatasi yake. Ubeti wa pili unasimulia alivyojifunza herufi: baba akirudi kazini mweupe kwa unga, yeye akiandika kwa kidole kwenye mkono wa baba, *a*, kisha *e*, na baba akikataa kunawa mpaka amalize.

“Masikio yameondoka na mashine,” mama anaendelea. “Sauti anaisikia. Maneno ndiyo yanampita.”

“Kwa nini hakuniambia?”

“Na wewe ulivyokuwa umemkodolea macho vile! Hata mimi ningedanganya.”

Hakuna anayecheka. Produza anakaa, anakishusha kinanda, anainua sauti ya binti, anasikiliza tena kwenye namba tatu. Afadhali. Lakini mwisho wa kila neno bado unamezwa, na hilo mashine haiwezi kulirekebisha.

“Hapa ni mdomo,” anakiri. “Ubeti huu uimbwe upya. Ila saa nne nina kwaya, na wameshafika.”

Mama Mita anamtazama tu. Jicho hilo kila mwenye mama analijua.

Produza anafungua mlango. “Jamani, kanyweni chai kwanza. Nusu saa. Nalipa mimi.”

Mama Mita hana ndoto ya duka kubwa. Akiulizwa anachotaka kwa kazi hii, anajibu huku akikusanya vipande vya nyaya sakafuni: “Jioni wimbo ukipigwa redioni, mume wangu aniambie, ‘Kumbe anaukumbuka ule unga.’ Akisema hivyo, nitajua amesikia.”

Binti ameshaingia chumba cha kuimbia na kuufunga mlango. Kupitia kioo anaonekana akivaa vifaa vya masikioni. Karatasi ameiacha kwenye kochi.

Produza ananyoosha mkono kwenye kisanduku, anasita. “Namba ngapi, mama?”

Mama Mita anausogeza mkono wa kijana kando na kuigeuza swichi mwenyewe. Moja, mbili, tatu.

“Rekodi,” anasema.