Wengu wa Ng'ombe wa Suluhu

Watu hudhani mtafiti wa virusi vya mifugo huishi na mashine. Mimi miaka yangu mingi nimeishi na matope. Kituo chetu kidogo kilikuwa Mikumi, ambako nyati wa hifadhini na ng'ombe wa vijijini hubadilishana kupe bila kuulizana, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka Kilosa nikitoa damu kwa wanyama wasionitaka. Wenye wanyama nao wengi hawakunitaka. Nilishazoea, na mimi si mtu wa kubembeleza.

Siku ninayoikumbuka tulikwenda Tindiga kuchunguza sotoka ya mbuzi, ugonjwa wa virusi. Hata vifaa hatujafungua, mwenyekiti wa kitongoji akaja mbio, kofia mkononi. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wameingia kwenye mpunga wa bibi mmoja, shamba likaisha lote. Mapanga yakanolewa, wazee wakaingilia kati, wakakubaliana: wafugaji watoe dume, achinjwe, pande zote mbili wale pamoja, yaishe. Dume alikuwa ameshachinjwa. Mchinjaji alipopasua tumbo akakuta wengu, yaani bandama, umevimba, mweusi, akatupa kisu.

"Wanasema ni kimeta, dokta," mwenyekiti alisema. "Wanasema wametuletea sumu."

Kimeta huua ng'ombe, na huua mtu aliyemgusa au kumla. Kama ni chenyewe, mchinjaji alikuwa ameshaingia hatarini. Kama si chenyewe, na nyama ikafukiwa kwa hofu tu, suluhu ingefukiwa nayo.

Tulikuta wakulima wamesimama upande mmoja wa nyama, wafugaji upande wa pili, na hakuna aliyekaa. Nilimwamkia mzee wa wafugaji, shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Alikuwa anaumwa?" nilimuuliza.

"Ametembea mwenyewe mpaka hapa," alisema. "Asubuhi mkojo wake ulikuwa mwekundu. Nikaona nikisema, watadhani nakataa kutoa."

"Si mnasikia!" mkulima mmoja alifoka. "Alijua!"

"Nyamaza wewe! Ukitaka kupima, njoo upime." Hasira zangu zimenikosesha vyeo, lakini siku ile walau zilileta utulivu kidogo.

Damu pale chini ilikuwa imeganda vizuri. Ya kimeta kwa kawaida haigandi. Na mkojo mwekundu ni dalili ya ugonjwa mmoja wa kupe, ambao nao huvimbisha wengu. Lakini dalili si jibu. Nilivaa glavu, nikapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, nikalikausha, nikalitia rangi, nikasubiri. Kusubiri rangi ishike huku watu wenye mapanga wanakutazama mikono, hilo chuoni hawalifundishi.

Hadubini yangu ya safari haikuwa na taa, ilitegemea jua. Nilipoweka jicho tu, wingu likapita, kila kitu kikawa giza. Nilitukana kwa sauti. Nikabaki nimeinama palepale mpaka mwanga uliporudi, nikaanza kusogeza kioo taratibu, kona hadi kona. Nilikuwa natafuta vijiti vilivyojipanga mstari, maana ndivyo kimeta kinavyoonekana. Sikuviona. Ndani ya chembe nyekundu za damu nikaona vidudu vilivyokaa viwiliviwili, vimegusana ncha kama mbegu za tikiti. Hivyo huletwa na kupe. Nikaandaa kioo kingine, cha damu ya wengu wenyewe, nikarudia yote, shati limelowa jasho mpaka kiunoni.

"Si kimeta," nilisema. "Ni ugonjwa wa kupe, na mtu haupati kwa kula nyama. Wengu na maini fukieni. Nyama pikeni iive sana."

Hakuna aliyesogea. Kisha yule bibi mwenye mpunga akaja mbele yangu, amemshika mkono mwanamke kijana.

"Dokta mwanangu, mimi nimeshakula chumvi nyingi, nikifa nimekufa. Huyu ni mkwe wangu, ana mimba ya mjukuu wangu wa kwanza. Asipokula, wale pale watasema hatujasamehe. Nimpe?"

Hapo ndipo mzee wa wafugaji aliponitazama.

Nimeandika makala nyingi za utafiti, na zote zimejaa "huenda", na "inaelekea", na "uchunguzi zaidi unahitajika". Ndivyo tulivyofundishwa, na ni adabu nzuri. Lakini bibi hakuniuliza inaelekea nini. Nilirudi kwenye hadubini nikatazama tena, ingawa nilijua nitakachokiona. Niliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu.

"Mpe," nilisema.

Mzee wa wafugaji akalaza fimbo yake chini, akakaa. Nami nikavua glavu. Nikakaa karibu yake, tukasubiri nyama iive.