Siku Gari la Kaswera Lilipokimbiza Mtaa

Kaswera anauza vipuri vya magari sokoni Bunia. Mwaka jana, nyuma ya nyumba yake, alianza kutengeneza gari la mashindano. Lilikuwa Starlet kuukuu, lililochoka kwa kubeba viazi kutoka Marabo. Aling'oa viti vya nyuma, akachomelea vyuma vya kulinda paa, akabadilisha springi. Jumapili za kiangazi wapenda magari hushindana kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, naye alikuwa amechoka kuwa mtazamaji.

Jumamosi moja mchana alitoa silansie, kifaa cha kupunguza kelele za bomba la moshi, ili injini ipumue. Akakosa bolti za kufungia bomba jipya, akaenda kuzitafuta sokoni. Alimwambia mumewe David, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, "Usiwashe mpaka nirudi."

Alikuwa anarudi kwa pikipiki ya abiria aliposikia. Pa! Pa-pa! Kimya. Pa-pa-pa!

Dereva akafunga breki. "Mama, shuka. Iko masasi."

Akageuza pikipiki kuzikimbia risasi, akapotea. Watu walikuwa wanakuja mbio kutoka upande wa nyumbani kwake. Mwanamke mmoja alibeba sufuria ya mandazi ambayo hayajaiva. Mzee alikuwa anaburuta godoro. Kaswera alizijua mbio hizo, aliwahi kuzikimbia na mama yake huko Beni. Lakini binti yake Arielle, wa miaka minne, saa hizo hulala chumba cha mbele, chini ya dirisha.

Akakimbilia walikotoka wenzake.

"Mama, weye unaenda wapi? Wanakuya!"

Akampita aliyempigia kelele. Alipoufikia mlango wa ua, aliufungua kwa bega.

David alikuwa ndani ya Starlet, pamba masikioni, anakanyaga mafuta. Arielle alikuwa mlangoni, ameziba masikio, anacheka. Moto ukaruka kutoka bombani. Pa-pa!

Kaswera akachomoa ufunguo. "David! Mutaa muzima umekimbia! Wanazani ni vita!"

Kabla David hajajibu, buti zilisikika nje. Askari waliingia, bunduki mbele.

"Mikono juu! Nani anapiga masasi hapa?"

"Ni gari, chef," Kaswera alimwambia mkuu wao. "Nilitoa silansie. Esanse inawakia mu bomba." Akalielekezea kidole bomba lililonuka petroli.

"Unatuona siye batoto? Washa, tuone."

"Nitawasha. Lakini ambia kwanza wenzako wa inje. Wakisikia, watatupiga."

Mkuu wao alimtazama, kisha akapaza sauti kuwaonya waliokuwa barabarani. Kaswera akamkabidhi David mtoto, akaketi kwenye usukani. Ufunguo haukutaka kuingia. Karibu na choo alisimama askari mmoja, jasho likimtiririka, kidole kwenye kifyatulio. Kaswera aliona kwamba yule naye anaogopa, na hilo likamtisha kuliko bunduki yenyewe.

Akawasha. Injini ikanguruma tu.

"Iko wapi ile sauti?" mkuu akauliza.

Akakanyaga tena, akaachia ghafla. Pa!

Askari wa karibu na choo akajitupa chini. Wengine waliinua bunduki, lakini hakuna aliyefyatua. Mkuu akashusha pumzi.

"Rudisha ile kitu yako. Leo hii."

Wakaondoka. Majirani walirudi mmoja mmoja, wengine wakimtukana, naye akainamisha kichwa. Mama Hélène, jirani aliyekimbia vita Djugu, hakurudi. Walimtafuta hadi jioni, wakamkuta uani mwa parokia, amejikunja ukutani, mjukuu wake mchanga mgongoni.

Kaswera akapiga magoti. "Mama, haikukuwa masasi. Ilikuwa gari yangu. Unisamehe."

"Gari?"

"Ndiyo, mama."

Hélène akakishika kitenge alichombebea mtoto mgongoni. "Nilimufunga mutoto kinywa," akasema, "asilie."

Kaswera alifunua kitenge. Mtoto alikuwa amelala, anapumua. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Silansie aliirudisha kwenye gari usiku uleule. Kiangazi kilipofika alishindana, akawa wa pili kutoka mwisho, na bado anashindana. Ila kabla ya kugusa ufunguo husimama kwenye ua na kuita, "Mama Hélène, ninawasha!"

Siku nyingine Hélène huitikia. Siku nyingine humbeba mjukuu, akaenda zake parokiani mpaka kutulie.