Nyuzi Nene za Wiyual

Wiyual hapigi gitaa kwa kile kipande cha plastiki ambacho vijana wa kambi ya Kakuma hukishika kama wanakwangua sufuria. Anapiga kwa vidole vitupu: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinajibu kwenye nyembamba. Hivyo ndivyo baba yake alivyopiga thom, kinubi cha Wanuer cha nyuzi na ngozi, na mwana hakuona sababu ya kubadilisha. Wenzake wa kwaya humcheka, humwita mzee, na hata mvi moja hana. Acha wacheke. Wao wanapiga kelele, yeye anapiga gitaa.

Gitaa lenyewe ni la umeme, jeusi, aliachiwa na jirani Mkongo siku kesi yake ya ukimbizi ilipoiva akapanda ndege ya Canada. Lilikuja na nyuzi nyembamba, nambari tisa, ambazo ndizo pekee unazozipata Kakuma, tena ukibahatika. Vijana wanazipenda kwa sababu ni laini, unazikunja unavyotaka. Kwa anayepiga kwa nyama ya kidole ni mateso matupu. Zinateleza, zinalia kibati, na ukizilegeza upate sauti nzito zinabembea kama kamba ya kuanikia nguo. Wiyual alizivumilia miaka yote hiyo. Yaliyomshinda ni masikio ya mama yake.

Mama Nyamal alianza kwa kutosikia watoto wakilia. Kisha hakusikia simu. Kisha akaanza kugombana na majirani, eti wanamnong'oneza, na kina mama wa watu wanapayuka mpaka koo zinawauma. Daktari wa masikio aliyepita kambini alimpima, halafu akamvuta Wiyual kando. Sauti nyembamba zimekwisha kabisa, akasema. Amebakiwa na nzito, na hizo nazo ziko njiani kuondoka. Vifaa vya kuvaa sikioni? Vilikuwepo, msaada ukakatwa, havipo. Labda atasikia hivyo hivyo mpaka mvua zije. Akapanda gari lake akaenda zake, na sijui ulitaka afanye nini zaidi.

Nyamal hakuomba dawa. Aliomba wimbo. Marehemu mumewe, enzi za ujana, alikuwa na maksai mweupe mwenye mabaka, akamtungia wimbo usio na maneno, wa nyuzi tupu, na kwa wimbo huo ndipo Nyamal alipokubali kuolewa. Ile thom iliungua pamoja na nyumba vita vilipofika. Mume alifia njiani wakikimbia. Leo anayeujua ule wimbo ni Wiyual peke yake, maana aliusikia tangu yuko mgongoni.

“Nipigie niusikie mara moja tu,” mama alimwambia kwa Kinuer, “kabla haya masikio hayajaziba.”

Akampigia kwa amplifaya ya kanisa. Mama akatazama vidole vikikimbia, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Wiyual akainama akauvumisha kwa mdomo, sikioni kabisa. Mama akajipiga kofi sikio, akasema kuna mbu. Jamani! Ucheke au ulie?

Hapo ndipo Wiyual alipopiga moyo konde akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akasafiri na gitaa lake mpaka Lodwar. Nyuma ya soko kuna Mturkana mmoja, Lomunokol, aliyewahi kupiga kwenye bendi na sasa anauza vyombo vya muziki na kutengeneza redio.

“Ejok, ndugu. Unapiga na vidole?” Lomunokol alimsalimu kwa Kiturkana na kuuliza, akitazama kucha za mgeni wake. “Basi hii tisa inakutesa bure.”

Akamwaga pakiti mezani. Kumi ni ya watu waoga, alisema. Kumi na moja ni ya mtu wa vidole: inakaa imara, kidole kinashika, sauti inajaa. Wiyual alipogusa zile nyingine za rangi ya shaba, akapigwa mkono kidogo. “Hiyo ni ya gitaa isiyo ya umeme. Sumaku ya gitaa yako haitasikia hiyo kitu. Chukua hizi za chuma.”

“Nipe kumi na mbili,” Wiyual alisema.

Lomunokol aligeuza gitaa, akapitisha dole gumba nyuma, pale kichwa kinapoungana na shingo. “Hapa ilivunjika, ikawekwa gundi. Mwenye alikuachia hakukuambia?”

“Hakuniambia.”

“Basi kumi na moja.”

“Ndugu, ni ya mama. Masikio yake yamebaki na sauti nzito tu. Nataka nishuke chini kabisa, na nikishuka na hiyo kumi na moja italegea.”

Lomunokol akajikuna kidevu. Halafu akatoa kumi na mbili. Akachukua na tupa ndogo, akaanza kupanua vile vijia vya kichwani ambamo nyuzi hupita, kwa sababu uzi mnene haukai kwenye njia ya uzi mwembamba. Kazi hiyo aliifanya polepole, akipuliza unga, na hakutaja bei. “Usikaze ifike juu,” alisema. “Ukae huko chini. Ukikaa chini haivuti sana, hata gundi itavumilia. Lakini jua hapana, ndugu. Gundi ikipata jua ya huku inakuwa uji.”

Wiyual alishika yote mawili. Tusije tukamsingizia mtu wa watu: alizilegeza zote mpaka chini, na njia nzima alilifunika gitaa kwa blanketi, yeye mwenyewe akiungua.

Siku aliyorudi aliliunganisha gitaa na amplifaya ya kanisa, inayotumia betri ya sola. Nyamal alikuwa mlangoni akichambua maharagwe, kampa mgongo. Wiyual akaugonga uzi mnene kuliko zote kwa dole gumba, mara moja.

Mama akainua kichwa. “Nani huyo?”

Wiyual moyo ukamlipuka. Akaugonga tena. Nyamal akasimama, maharagwe yakamwagika yote, akaja akaweka kiganja juu ya spika. “Ni wewe? Ni wewe unayefanya hivi?” Akacheka, na ni lini mara ya mwisho alicheka yule mama! Kisha, kwa vile yeye ni mke wa mpiga thom na hawezi kuacha kukosoa, akaongeza: “Ila imelegea. Kama thom iliyonyeshewa.”

Wiyual alikuwa anaweka vidole tayari aanze wimbo. Betri ikazima. Mbingu! Kati ya saa zote, betri ikazima. Akamwonyesha mama kwa mikono: kesho, kesho, nikaichaji. Mama akaitikia kwa furaha, akaenda kuokota maharagwe yake. Wenyewe wawili walilala wakiwa na kesho, kitu ambacho Kakuma hakigawiwi kwenye mgao.

Kesho yake Wiyual alibeba betri akaipeleka kuchajiwa upande ule mwingine wa kambi. Gitaa aliliacha ndani, chini ya kitanda, kwenye blanketi. Kumwambia mama kuhusu jua hakukumjia kichwani. Kwa nini kumjie? Nani angelitoa?

Basi, kule kwao thom ikilegea, mke wa mpigaji huitoa nje asubuhi, akaianika. Ngozi inapata joto, inakaza, sauti inarudi. Hata ngoma za kanisa la Kakuma huanikwa kabla ya ibada, na Nyamal ndiye huzianika. Kazi hiyo anaijua usingizini. Na yeye alisikia kwa masikio yake mwenyewe, masikio yaliyobaki, kwamba chombo cha mwanawe kimelegea.

Wiyual aliporudi na betri begani, aliona ngoma tatu zimepangwa uani kwenye mkeka. Pembeni yake gitaa jeusi, limelala chali, nyuzi zikitazama jua la saa sita. Nyamal alikuwa ameketi kando na fimbo, anafukuza mbuzi wasilikanyage. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa hapo tangu asubuhi.

“Liguse,” alimwambia kwa fahari. “Sasa limepata joto.”

Wiyual akapiga magoti. Gundi ilikuwa imeachia. Kichwa cha gitaa kilikuwa kimevutwa mbele, mbao imepasuka mpaka ndani ya shingo, nyuzi mpya zimelala kama utumbo. Alikishika kile kichwa akikirudisha mahali pake, mara hii, mara ile, kama mtoto. Akalia. Ndiyo, alilia, mwanamume mzima, uani, na mbuzi wanamwangalia.

“Limefanyaje?” mama akauliza. Tabasamu lilikuwa linamwondoka. “Wiyual, ni nini? Ni jua?”

Alimsogelea mama, akampigia kelele sikioni, akimwonyesha kwa mikono jinsi mtu anavyokaza. “Ni mimi, mama! Nilikaza mno! Mimi!”

Nyamal alimtazama mdomo, akaitazama mikono, akaelewa. Akaghadhibika. “Mkono wako mzito! Baba yako hakuvunja thom hata siku moja! Nimelianika vizuri, nimelilinda, wewe umeliua!” Akalia naye. Wiki nzima bombani aliwaeleza wanawake juu ya mkono wa mwanawe, kwa sauti ya juu kama wasemavyo wasiosikia, na Wiyual alipita na mtungi wake bila kumjibu mtu.

Gitaa lingine, lenye vijia vipana, alilipata kwa kuazima, kutoka kwa Warundi wa kanisa la jirani, baada ya kubembeleza mno. Zile nyuzi nene alizifuta upya kwa kitambaa, akazifunga, akazishusha. Wakati huo mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Alimketisha mama kwenye kiti, akimpa mgongo, spika karibu na sikio lake, akaupiga wimbo wa maksai mweupe tangu mwanzo mpaka mwisho, dole gumba likitembea, vidole vikijibu. Hakukosea popote. Jirani mmoja alisimama mlangoni asiondoke.

Nyamal aligeuza shingo akamtazama mwanawe, amejaa huruma, hasira zake zimekwisha zamani.

“Anza basi, mwanangu,” alisema. “Usiogope. Safari hii usikaze mno.”