Fimbo ya Pili

Sisi wa mtaa wa Makorora tumekua hivi: ukichapwa na jirani, futa machozi kabla hujafika kwenu. Mama akiyaona, anakuongeza yeye, halafu unarudishwa kwa jirani ukaombe radhi. Mimi mtaa mzima umenichapa, wallahi, na mtaa mzima umenilisha. Mtu akiusema vibaya mbele yangu, tunashikana.

Wifi yangu, mke wa kaka, katoka bara. Hayo hakuyajua. Siku ile binti yake mdogo alimpita bibi jirani, muuza maandazi, bila shikamoo. Alipoitwa akamtolea ulimi. Bibi akamchapa miguuni kwa fimbo ya mpera. Mtoto akaingia ndani anapiga mayowe, hata kuficha hajui.

Wifi akachomoka na mchi. "Nani kamgusa mwanangu? Nampasua kichwa!"

"Nipasue," bibi akamjibu, anageuza maandazi yake. "Babaake nimemchapa, shangaziye huyo hapo nimemchapa. Sembuse huyu?"

Wifi akaurusha mchi. Ukapiga karai, mafuta ya moto yakamrukia bibi mkononi. Bibi akalia kama mbuzi.

Sikufikiri. Nikamrukia wifi, nikamkaba kwa mtandio wake, tukaviringika mchangani. Akaning'ata bega mpaka damu. Nikazidi kukaza.

"Shangazi! Shangazi!"

Nikageuka. Mama yangu katoka ndani na mtoto, kaiokota fimbo ya bibi, kamshika mkono mmoja, anamtandika. "Umetuletea vita! Nyamaza! Nyamaza nikwambie!" Sisi tulijua kunyamaza. Huyu hajui, basi kila akilia anaongezwa. Na ananiita mimi.

Nikamwachia wifi, nikajitia katikati. Fimbo ikanipata shavuni. Nikaipokonya, nikaivunja kwa goti.

"Unanivunjia fimbo, mimi mamaako?" Kofi likafuata, masikio yakavuma.

"Nipige mie, mama, mie nimezoea. Huyu basi!"

Bibi akasema, mkono kaukumbatia kifuani, "Mwacheni. Kumbe si wetu huyo."

Tangu hapo hakuna anayemgusa. Asubuhi mtoto anapita kwenda shule, adabu zote: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgeni," bibi anamjibu. Kisha anawagawia watoto wenzake vipande vya maandazi yaliyovunjika, kama alivyokuwa akinigawia mimi. Yeye anarukwa.

Wifi anaona kashinda. Mimi nasimama mlangoni, ngumi nimekunja, sijui nikampige nani.