Mganga Kaninyima Dawa, Kaniambia Nikapime

Leo mganga wa kienyeji amenifukuza, na nimestahili.

Nilikwenda Nyarugusu kwa Mama Kulwa kuomba mizizi anayowapa wachimbaji wa dhahabu wenye kikohozi, tukaichunguze maabara kwetu kazini. Baada ya shikamoo nikaanza mbwembwe: "Mama, siku hizi dawa haitolewi bila vipimo."

Hapo hapo nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Kimeanza lini hicho kikohozi?"

"Wiki ya nne hii, mama."

"Umepima makohozi?"

Sikuwa nimepima. Mimi, mtu wa maabara!

Akairudisha mizizi yake kapuni. "Kapime kwanza, mwanangu."

Majibu yametoka jioni hii: kifua kikuu. Vidonge nimeshaanza.

Nichekeni tu, ruksa. Ila wenzangu tunaoshinda chumba kimoja maabara, foleni ya vipimo kesho asubuhi inawahusu.