Anwani Aliyoiona Mwalimu

Wivu ulimwingia Mwalimu pale bosi alipoanza kuipita meza yake na kwenda kumuuliza shemeji yake. Hakuwa mwalimu wa darasani; walimpa jina hilo kwa kuwa karibu kila mtengeneza programu pale ofisini alifundishwa naye. Hata huyo shemeji, mdogo wa mkewe, ni yeye aliyemtafutia kazi. Sasa nafasi ya mkuu wa kitengo i wazi, na bosi haoni mwingine ila huyo binti wa juzi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mwenyeji akaanza kukosa usingizi.

Programu yao ilikuwa ya kuagiza mitungi ya gesi. Mteja anaagiza leo, anachagua kupelekewa Jumamosi. Siku ikifika, kazi iliyopangwa inaamka yenyewe ndani ya simu yake, hata kama programu ameifunga, na kumtumia dereva anwani.

Pale ofisini, hakuna kilichowafikia wateja kabla ya mtu wa pili kukikagua na kukiidhinisha. Sehemu hiyo aliiandika shemeji, na ukaguzi ukamwangukia Mwalimu. Akaisoma, akaliona kosa papo hapo. Binti alikuwa ameifungasha anwani nzima ndani ya ile kazi inayoamka yenyewe, tangu siku ya kuagiza. Mteja akihama Alhamisi na kuibadilisha, kazi itaamka Jumamosi na anwani ya zamani. Ilitakiwa ipewe namba ya oda tu. Ikiamka, ikaitafute anwani ya sasa. Mwalimu alilijua hilo siku nyingi. Hakumfundisha binti, kwa sababu masomo yalikoma siku bosi alipoanza kumsifu.

Neno moja tu lingetosha. Lakini wivu haukumruhusu.

“Acha aumbuke,” akasema kimoyomoyo, akaidhinisha.

Jumamosi mitungi ikapelekwa kwenye nyumba ambazo wateja walikwisha kuzihama. Mmoja ulifika kwa mke aliyeachwa na mteja, naye akaupokea kwa mikono miwili na kufunga mlango.

Jumatatu bosi akawaita wote wawili. Mwalimu alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri.

“Kosa ni langu, bosi,” shemeji akasema kabla hajaulizwa. “Nimeshalirekebisha.”

“Na aliyekagua?”

“Usimlaumu shemeji. Mimi mwenyewe nimelijua jana tu. Labda na yeye alikuwa halijui.”

Bosi akamgeukia. “Ulikuwa hulijui?”

Mwalimu akapima jibu. Akisema alilijua, ataulizwa kwa nini alinyamaza, na jibu la swali hilo halisemeki mbele ya watu.

“Nilikuwa silijui,” akasema.

“Basi mfundishe na shemeji yako,” bosi akamwambia binti, akatoka.

Binti akasogeza kiti karibu, akafungua kompyuta, akaanza taratibu, kwa upole wote, kama anayeogopa kumwaibisha mkubwa wake.

“Umeelewa, shemeji?”

“Nimeelewa,” akasema Mwalimu. “Asante.”